Mtungi wa Nyangoto na Seli za Edmonton

Dada yangu anayeishi Nyangoto hana friji. Insulini ya mwanawe huihifadhi kwenye mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, katikati kajaza mchanga. Kila alfajiri akirudi kuchota maji huulowesha kwanza mchanga ule, ndipo awashe moto wa chai. Kichupa chenyewe kimo ndani ya kopo lenye mfuniko kisiingie maji, na ubavuni mwa kopo kabandika kipande cha plasta chenye tarehe kilipofunguliwa. Kichupa kimoja kina yuniti 1,000. Kijana hujichoma yuniti 30 kwa siku, asubuhi na jioni. Dada aliishia darasa la saba, lakini hesabu hiyo anaifanya kichwani kila mwezi bila kukosea: siku 33. Ikifika siku ya 25 anaanza kutafuta nauli ya kwenda Tarime mjini.

Likizo iliyopita nilikuwa kwake. Mpwa wangu, mwenye miaka 14, alinifuata chini ya mwembe akiwa na simu ya mamaye mkononi. Alikuwa ameona video fupi ya mtu wa ng'ambo anayesema ameacha insulini kabisa baada ya kupandikizwa seli.

"Mjomba, ni kweli hawa?"

Nikamwambia ni kweli, wapo watu wa namna hiyo.

"Kwa hiyo wamepona."

Hapo nilikwama. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimemdanganya. Ningesema hapana, ningekuwa nimemdanganya vilevile. Nilimwahidi kwamba nitatafuta jibu kamili, na makala haya ndiyo jibu lenyewe. Naliandika gazetini kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza. Tarime, Serengeti, Rorya, Musoma, kote kuna watoto wanaojichoma sindano kila siku, na simu za wazazi wao zinaleta habari zilezile.

Nianze na tulikotoka. Kijana aliugua akiwa na miaka tisa. Alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi, akawa anakojoa usiku kucha, akakonda shati likamwelea. Zahanati ya kwanza tuliyompeleka, ambayo sina haja ya kuitaja, walimpa dawa ya malaria. Siku ya tatu akawa anahema kama mtu aliyekimbia mlima, na pumzi yake inanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mamaye alimpakata kwenye bodaboda, dereva mbele, mtoto katikati, hadi hospitali. Muuguzi alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine, na mashine badala ya namba ikaandika herufi mbili: HI. Maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine ile inaweza kusoma. Kipimo hicho kilichukua sekunde chache tu. Zahanati ya kwanza hawakukifanya.

Kijijini yakasemwa mengi. Wengine walisema mama kamlea mtoto kwa soda. Wengine walisema ni husuda ya fidia, kwa sababu nyumba ile ilikuwa imelipwa fidia ya shamba mgodi ulipopanuka, na anayejua Nyamongo, eneo letu la mgodi wa dhahabu, anajua fidia imegombanisha ndugu wangapi. Dada alibeba maneno yote hayo pamoja na mtoto mgonjwa.

Soda haikuhusika, wala jirani. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari wa Kijerumani, Paul Langerhans, aliliangalia kongosho kwa hadubini akaona vifungu vidogo vya seli vimetawanyika humo mfano wa visiwa ziwani. Baadaye vikapewa jina lake. Ndani ya vijisiwa hivyo zimo seli zinazoipima sukari ya damu muda wote na kutoa insulini kwa kadiri inayohitajika. Katika kisukari aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwashika watoto na vijana, kinga ya mwili inazigeukia seli hizo na kuziua kana kwamba ni adui. Zikishakwisha, mwili hauna insulini yake tena, na mtu asiyechomwa sindano hufa.

Walikuwa wakifa wote hadi Januari 1922, pale Toronto, Kanada, kijana mmoja anayeitwa Leonard Thompson alipochomwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Alikuwa na miaka 14, umri wa mpwa wangu. Aliishi miaka 13 zaidi. Waliogundua dawa ile waliiuza haki ya uvumbuzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili isiwe mali ya mtu. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mama wa Nyangoto bado anatafuta nauli ya kuifuata.

Sasa nije kwenye seli.

Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Ikiwa kilichokufa ni vijisiwa, basi tafuta vijisiwa vizima vya mtu mwingine umpe mgonjwa. Vinatoka kwenye kongosho la mtu aliyefariki ambaye yeye au jamaa zake waliridhia viungo vyake vitumike. Kongosho huyeyushwa kwa vimeng'enya maabara, vijisiwa vikachujwa na kusafishwa, kisha vikamiminwa taratibu kwa bomba jembamba kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Huko ndiko vinakoweka makazi, ndani ya ini. Mgonjwa hapasuliwi tumbo. Mara nyingi huhitajika zaidi ya kongosho moja kumtosheleza mtu mmoja.

Majaribio yalianza zamani na yalishindwa kwa miaka mingi, hadi timu ya Dakta James Shapiro katika mji wa Edmonton, Kanada, ilipotangaza Julai 2000 kwamba wagonjwa wake saba, wote saba, wameacha kuchoma insulini. Siri yao ilikuwa mchanganyiko mpya wa dawa za kushusha kinga, usiokuwa na steroidi ambazo zenyewe huipandisha sukari, pamoja na kuwapa vijisiwa vya kutosha. Dunia ya wenye kisukari ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia.

Kisha miaka ikapita. Jaribio lilipopanuliwa kwenye vituo tisa, kwa wagonjwa 36, matokeo yakachapishwa mwaka 2006: baada ya mwaka mmoja 16 walikuwa hawahitaji insulini, na baada ya miaka miwili kati ya hao 16 walibaki watano tu. Wale wa Edmonton wenyewe walipofuatiliwa miaka mitano, ni takriban mmoja kati ya kumi aliyekuwa bado hachomi sindano. Seli zilichoka, au kinga ilizipata.

Msomaji anaweza kusema basi ni kazi bure. Mimi mwenyewe nilisema hivyo niliposoma takwimu zile mara ya kwanza. Nilikosea, na kosa langu ndilo kiini cha jambo hili.

Anayeishi na mtoto wa kisukari anajua kwamba sukari ya juu huua polepole na sukari ya chini huua usiku mmoja. Insulini ukiichoma huwezi kuichomoa. Mtoto akicheza mpira kuliko kawaida, akila nusu ya ugali, akichelewa kula kwa sababu mama hajarudi sokoni, insulini inaendelea kuvuta sukari. Mwanzoni mwili hupiga kelele: jasho jembamba, mikono inatetemeka, njaa ya ghafla, maneno yanapishana. Mama anawahi na maji ya sukari. Lakini kwa baadhi ya watu, baada ya miaka mingi ya kushuka na kupanda, kelele hiyo hunyamaza. Sukari inashuka bila dalili, na mtu anaanguka akiwa anaongea nawe. Wengine huanguka usiku usingizini na hawaamki. Ni hao hasa ambao upandikizaji wa vijisiwa ulilengwa kwao, watu wazima ambao sukari yao huporomoka bila taarifa.

Na kwao seli zile hufanya jambo ambalo hesabu ya sindano haionyeshi. Hata zikibaki chache, hata mtu akilazimika kurudia insulini kidogo, zinaisoma sukari na kunyamaza inaposhuka. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, la watu 48, liliweka lengo lake hapohapo: sukari iwe katika kiwango kizuri na mgonjwa asipate mporomoko mkali hata mmoja. Baada ya mwaka, karibu 88 kwa 100 walilifikia. Walioacha insulini kabisa walikuwa nusu tu. Kwa hiyo wapo watu wanaojichoma sindano baada ya kupandikizwa na bado wanasema wamerudishiwa maisha, kwa sababu mke hakai tena macho usiku akisikiliza pumzi ya mumewe.

Dada yangu nilipomsimulia hilo alikaa kimya muda mrefu. Yeye hulala na tochi kando ya kitanda cha mwanawe. Saa nane usiku huamka, humgusa shingo kuona kama ana jasho. Anafanya hivyo tangu mtoto ana miaka tisa.

Hata hivyo, kuna bei ya kulipa. Mwili haujasahau kwamba ulishaziua seli za mwenyewe, na sasa umeletewa za mgeni. Ili usizivamie, mgonjwa humeza dawa za kushusha kinga kila siku, kwa saa zilezile, muda wote seli zinapoishi. Dawa hizo zina kazi nyingine mbaya. Mojawapo kubwa, takrolimasi, huweza kuumiza figo, na tena huweza kuipandisha sukari yenyewe, ndiyo maana wapo watu waliopandikizwa figo bila kuwa na kisukari na wakakipata baadaye. Kuna dawa nyingine ya kundi hilo ambayo humdhuru mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayeitumia haruhusiwi kubeba mimba. Fikiria binti wa Kikurya anayetarajiwa kuolewa anaambiwa hivyo. Kisha kuna maambukizi. Kinga ikishushwa, kifua kikuu kilicholala huamka, na wadudu ambao mwili mzima huwapuuza wanapata nafasi.

Juni 2025 yalichapishwa matokeo ambayo ndiyo yaliyoleta video nyingi hizi. Kampuni ya Marekani, Vertex, haitegemei kongosho la marehemu. Inakuza vijisiwa maabara kutoka seli shina, seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa za aina nyingine. Kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili na kufuatiliwa mwaka mzima, 10 waliacha insulini, na wote 12 waliepukana na mporomoko mkali wa sukari. Ni matokeo makubwa, sitayapunguza. Lakini katika jaribio hilohilo watu wawili walifariki, na mmoja aliuawa na homa ya uti wa mgongo ya fangasi aina ya kriptokokasi. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Ugonjwa huo sisi tunaujua. Wauguzi wa wodi zetu waliokuwapo kabla dawa za kufubaza VVU hazijafika wanaujua kwa majina ya waliowazika. Umemfuata mtu kwenye hospitali yenye kila kifaa duniani, kwa sababu kinga yake ilikuwa imeshushwa kwa makusudi ili seli ziishi.

Kwa hiyo mpwa wangu akiniuliza kama wamepona, namjibu hivi: wamebadilishiwa mzigo. Walikuwa na sindano na hofu ya kuanguka, sasa wana vidonge na hofu ya homa. Kliniki wanaendelea nayo, tena kwa ukaribu zaidi. Sukari bado wanapima, maana kipimo cha asubuhi ndicho kinachowaambia kama seli bado zipo. Namba ikipanda kidogo, mtu asiye na kisukari ataipuuza, wao moyo unapiga. Kwa aliyekuwa akianguka barabarani, mabadilishano hayo yanafaa sana. Kwa kijana wa miaka 14 ambaye bado mwili wake unampigia kelele sukari ikishuka, hayafai, na madaktari wenyewe wasingempa. Majaribio hayo yalifanywa kwa watu wazima.

Anayetaka kuiona bei hiyo karibu asiende Kanada. Aende kliniki ya figo Muhimbili. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walikuwa wakipelekwa India. Waliopandikizwa pale wanatumia dawa za kundi lilelile, wanapimwa damu kuona kama dawa imezidi au imepungua, na wakikosa dozi figo inakataliwa. Figo ile alitoa kaka, dada au mama aliye hai, na ndugu wote wanajua. Kwa vijisiwa habari ni nyingine, kwa sababu kongosho lazima litoke kwa marehemu, na sisi bado hatujakaa kama jamii tukaamua tunaionaje miili ya marehemu wetu katika jambo hili. Wazee wa ukoo watakuwa na la kusema, na wana haki ya kuulizwa. Pengine seli za maabara zitatufikia kabla ya mazungumzo hayo.

Yako mengine yanayotia moyo zaidi. Tianjin, China, mwanamke wa miaka 25 alipandikizwa mwaka 2023 vijisiwa vilivyotengenezwa kutokana na seli zake mwenyewe, na siku 75 baadaye hakuhitaji insulini, ingawa alikuwa tayari anatumia dawa za kushusha kinga kwa ajili ya ini alilopandikizwa zamani. Uppsala, Sweden, mwanaume wa miaka 42 aliwekewa kwenye msuli wa mkono seli zilizohaririwa vinasaba ili kinga isizitambue. Hakupewa dawa ya kushusha kinga hata moja, na seli ziliishi na kutoa insulini. Dozi ilikuwa ndogo, kwa hiyo bado anajichoma. Lakini mlango wenye thamani kwa watu wetu ni huo wa Uppsala. Seli zisizohitaji dawa za maisha zinaweza siku moja kufika Mwanza. Seli zinazohitaji dawa za maisha zitaishia kwa wenye bima nene.

Naona haja ya kusema neno kuhusu kiu ya kupona, kwa sababu sisi watu wa Mara tunaijua. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Dawa ilichemshwa kutokana na mti wa mugariga, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosemwa kwamba yanaisha. Njia moja ya kwenda huko ilipita Mugumu na kuikata Serengeti. Magari yalijaa, wagonjwa walilala porini kwenye foleni. Siwacheki waliokwenda. Mtu aliyeambiwa kwamba atajichoma sindano hadi kaburini ataisikiliza sauti yoyote inayosema kinyume. Lakini wapo walioacha dawa zao, na mwenye kisukari aina ya kwanza akiacha insulini hana wiki nyingi.

Leo kikombe kinapitia kwenye simu. Neno la seli shina limeshaokotwa na wauzaji wa poda na vidonge, wanaomwambia mama kwamba kopo lao linafufua kongosho. Hakuna poda inayofanya hivyo. Seli zilizofanya kazi Edmonton, Tianjin na Uppsala ziliwekwa mwilini na madaktari, zikiwa hai, kwa mgonjwa anayefuatiliwa kila siku. Mzazi wa Kewanja, Genkuru, Kerende au Matongo akiletewa kopo, alirudishe. Pesa hiyo anunue stripu za kupimia sukari.

Na hapa nafika ninapotaka kufika. Masharti ya kuingizwa kwenye majaribio haya yanafanana karibu kote: mgonjwa awe mtu mzima, na figo zake ziwe zinafanya kazi vizuri. Maana yake ni kwamba mtoto ambaye sukari yake imekuwa juu miaka kumi, figo zimechoka na macho yamefifia, hata seli zikiletwa bure Tarime atakuta mlango umefungwa. Anayetaka mpwa wangu afaidi uvumbuzi wa Uppsala lazima amfikishe umri wa miaka 30 akiwa na figo zake. Kazi hiyo inafanywa Nyamongo, leo, kwa vitu vya kawaida.

Cha kwanza ni stripu. Mtoto wa insulini anatakiwa apime mara nne kwa siku walau. Boksi la stripu 50 kwa mwendo huo linaisha siku ya 13. Insulini kwa watoto wengi nchini imekuwa ikitolewa bure kwenye kliniki za kisukari, kazi iliyojengwa kwa miaka na Chama cha Kisukari Tanzania pamoja na Wizara ya Afya na wafadhili, na watu kama Profesa Andrew Swai na Profesa Kaushik Ramaiya wanastahili shukrani kwa hilo. Lakini stripu zikiisha kabla ya mwezi, mama anachoma kwa kukisia. Dada yangu hupima mara moja, asubuhi, saa zilizobaki anasoma uso wa mtoto. Ukichoma insulini kwa kukisia utamuua kwa kushusha, au ukiogopa kushusha utamwacha juu hadi figo ziharibike.

Cha pili ni mahali pa kutunzia dawa karibu na nyumbani. Kwa muda mrefu tuliambiwa asiye na friji hafai kupewa insulini akae nayo. Madaktari Wasio na Mipaka wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la ndani ya nyumba za wakimbizi kambini Dagahaley, Dadaab, Kenya, wakaijaribu insulini kwa joto hilohilo, kati ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Kwa hiyo mtungi wa dada yangu si ushamba, ni kinga tosha kwa kichupa kilichofunguliwa, kwa wiki hizo nne. Chupa ambazo hazijafunguliwa ndizo zinazohitaji friji, na friji hiyo inatakiwa iwe kwenye kituo cha afya kilicho jirani, pamoja na muuguzi aliyefunzwa kisukari cha watoto. Kondoa na Karatu wameshaanza utaratibu wa kuleta huduma za magonjwa mazito yasiyoambukiza hadi hospitali ya wilaya, zikiongozwa na wauguzi na madaktari wa hapohapo. Sioni kwa nini Tarime isubiri.

Cha tatu ni walimu. Mwaka juzi kijana alianza kutokwa jasho darasani na kuongea maneno yasiyoeleweka. Mwalimu alidhani kalewa. Mwenzake wa dawati ndiye aliyekimbilia dukani kununua pipi, akammenyea na kumwekea mdomoni, kwa kuwa alishawahi kumwona mama akifanya hivyo. Mtoto wa miaka 12 ndiye aliyeokoa uhai wa mwenzake pale. "Amka mura, tafuna," alikuwa akimwambia.

Haya yote yanahitaji pesa, na hapa Nyamongo hatuwezi kusema hazipo. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Machimbo yake ya Nyabirama, Nyabigena na Gokona yametoa dhahabu kwa zaidi ya miaka 20. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na akubaliane na halmashauri kuhusu mpango huo. Kwa hiyo zahanati, madarasa, madawati na barabara vimejengwa, nami navipokea kwa mikono miwili. Lakini tazama orodha za miradi hii ya kuihudumia jamii (CSR) kokote: ni majengo. Jengo linazinduliwa, linapigwa picha, lina jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Boksi la stripu halizinduliwi. Linaisha siku ya 13 na linatakiwa lingine, na hakuna kiongozi anayealikwa kukata utepe kwa ajili yake. Hiyo ndiyo sababu halimo kwenye orodha, na sababu hiyo haitoshi.

Ninachoomba ni kidogo mno kwa eneo linalotoa dhahabu. Kila zahanati inayouzunguka mgodi iwe na mashine ya kupima sukari, na kila mtoto anayeletwa amekonda, ana kiu na anakojoa sana atobolewe kidole kabla ya kupewa dawa ya malaria. Stripu za mwaka mzima zitengwe kwa kila mtoto aliyesajiliwa. Friji ya sola iwepo kwenye kituo kimoja cha afya Nyamongo, ili mama asipande gari hadi Tarime mjini kufuata kichupa. Mwalimu mmoja kwa kila shule afunzwe, kwa siku moja tu.

Mpwa wangu nimemsomea makala haya kabla ya kuyatuma. Aliuliza swali moja: akifika miaka 30 yule wa Uppsala atakuwa na miaka mingapi? Tukapiga hesabu pamoja.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na huko ndiko miradi inakopendekezwa. Kwa wenyeviti wa vijiji, madiwani na wazazi wa vijiji vyote vinavyouzunguka mgodi, ombi langu ni hili: katika kikao kijacho, ajenda ya miradi ikisomwa, mtu mmoja anyooshe mkono aulize stripu za watoto zimeandikwa ukurasa wa ngapi. Nyangoto atanyoosha dada yangu.